Mto Tunaoupita Mchangani

Mwalimu anayeniandikia maneno haya ameanza kwa jina la Mungu, na amefanya vema. Mimi naanza kwa kafi. Ninyi vijana mnaoshusha mitumbwi pale juu ya Kindu mnajua kwamba nimeacha kazi, maana bega la kulia limekataa na macho yameingia ukungu. Mmeniletea kuku na maneno mazuri. Kuku nimemla. Maneno mazuri hayamfundishi mtu kupita maji makali, kwa hiyo nawalipa kwa haya ninayoyajua, mkitaka msitake.

Sitasema ni bwana gani alinipa kanzu, wala nani aliniita nahodha mbele za watu. Kanzu zimechakaa, na mabwana wengine wamekwisha kukimbia. Nitasema mto.

Nilizaliwa ng'ambo, upande wa Alunguli, kwa wavuvi. Nilipopata nguvu ya kufanya kazi, watu wa pwani walikuwa wamekwisha kujenga huku kwetu, mpunga wao umeshika, na mitumbwi mikubwa ilikuwa ikishuka kutoka Nyangwe na Kasongo ikiwa na pembe, chumvi na vitambaa. Lakini kabla ya kufika Kindu mto unabanwa na mawe. Mwenye subira alishusha mizigo yake akaibebesha watu kwa njia ya msituni. Mwenye haraka alitutafuta sisi. Kazi yetu ilikuwa kuuchukua mtumbwi upande wa juu wa mawe na kuufikisha upande wa chini, mtu na mali yake wakiwa ndani. Ni kipande kifupi. Ukiweka muhogo motoni tunapoachia kamba, tunafika chini haujaiva. Ila wako walioondoka muhogo ukiwa motoni na hawakuja kuula.

Aliyenifundisha alikuwa mwanamke, Mama Yenga, Mgenya, yaani wa kabila la wavuvi wa mto, mfupi, mkali, mraibu wa ugoro. Mumewe alikuwa mtu wa nyuma, yaani yule anayekaa nyuma ya mtumbwi na kuuongoza. Alipokufa (kwa homa, si kwa maji, Mama Yenga alipenda kukumbusha) mjane akalichukua kafi lake mwenyewe. Mtumbwi ulikuwa wake, na hakuona sababu ya kumpa shemeji mvivu. Mto ulikuwa umemziba sikio moja, kwa hiyo alisema na kila mtu kama anayeita ng'ambo.

Siku ya kwanza nilifika nimejipaka mafuta mikononi ili watu waone misuli. Nilidhani tutaingia majini. Mama Yenga akatuketisha mchangani, mmoja nyuma ya mwenzake, kama tunavyokaa mtumbwini, kila mtu na kafi lake. Yeye akakaa nyuma kabisa. Wanawake waliokuwa wakiosha muhogo ukingoni walitutazama wakacheka, na walikuwa na haki yao. Watu wazima kupiga kafi kwenye mchanga mkavu ni kichekesho.

"Funga macho," akaniambia. "Unaona nini?"

"Maji, mama."

"Maji iko kila pahali. Hata ndani ya mutungi iko maji. Miye nakuuliza, unaona nini?"

Akaanza kuusema mto, polepole, kwa sauti moja, bila kupamba. Sasa tumeachia kamba. Maji yamenyamaza, yanavuta. Baridi iko kwenye magoti. Mbele kuna sauti kama mvua inayokuja juu ya majani. Sasa Mlango, upepo wa maji unakupiga usoni, unanusa kuvu na mawe mabichi. Kushoto, kushoto, acha. Sasa Wake Wenza, mawe mawili yanayotazamana. Pita katikati bila kumgusa yeyote, maana ukimgusa mmoja, mwenzake ndiye atakayekumaliza. Sasa Jino, jiwe moja lililochongoka. Sasa Chungu, pale maji yanapozunguka kama ugali unaosongwa. Kulia, kulia, vuta, usitazame ndani. Sasa maji yamelegea. Sasa mchanga wa chini, unakwaruza tumbo la mtumbwi.

Mahali pale palipoitwa Chungu ninyi mnapaita kwa jina jingine. Nitafika huko.

Kwa kila jina alilotaja, mikono yetu ilipaswa kufanya kazi yake, na pumzi itoke kila kafi linapoingia. Nilichungulia, nikaona shavu la kijana aliyeketi mbele yangu limejaa tabasamu. Mama Yenga akainuka, akaja akampiga mgongoni kwa mpini.

"Weye! Uko umeisha kufika chini, uko unakula ndizi ya watu. Siye tungali hapa kwa Wake Wenza. Unakwenda wapi bila siye?"

Mama Yenga alimjuaje, naye macho yake mwenyewe alikuwa ameyafumba? Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akisikiliza mikono. Mtu ambaye moyo wake umeruka ukafika ufukoni, pale chini wanapouza samaki na ndizi za kuchoma, kafi lake hulegea na mchanga hulia tofauti. Hilo ndilo kosa la kila mgeni wa kazi hii. Akiambiwa auone mto, anajiona amefika, watu wanamshangilia, yeye anajifuta maji usoni kwa madaha. Huyo hajaona mto, ameona sherehe. Mto unaonwa kafi kwa kafi.

Waungwana wa pwani walipenda kutuambia, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mama Yenga alikuwa akijibu, "Njo maana siye tunayafika kila asubui, mbele ya kuyafika," yaani kabla.

Siku moja mtu mmoja akamwuliza la maana. "Mama, na kama woga inakuya?"

"Itakuya. Inakuyaka kila siku, inajua njia." Akavuta ugoro wake. "Hapana muifukuze. Mukiifukuza itaruka mbele, na muntu wa mbele hataona kitu. Na kwangu nyuma isikuye, miye niko na kazi. Muiweke katikati, pamoja na mizigo. Iikale pale. Tutaifikisha nayo."

Basi tangu siku ile, kila tulipopita mto mchangani, alikuwa akisema, "Mizigo iko? Woga iko? Twende." Nimetumia maneno hayo mpaka siku yangu ya mwisho. Woga ukija, usiuambie ondoka. Uambie ukae katikati, kisha uulize Mlango uko wapi.

Kuna jambo la pili ambalo ni lazima mlishike. Kabla ya kutuketisha, Mama Yenga aliingia majini mpaka magoti, kando ya jiwe lake la kupimia kina, akasimama kidogo kama anayesikiliza habari za jirani. Aliporudi alisema, "Leo Jino imezama," au, "Leo Wake Wenza wamenuna." Tulipita mto wa siku ile, si mto wa jana. Mulamba, mtu wa nyuma kama yeye lakini mwenye kelele zaidi, aliiga kazi yetu, ila aliona haya kukaa mchangani mbele ya wanawake. Alikuwa akiupita mto kitandani kwake, kivulini, mto mzuri wa kiangazi ambamo Jino linaonekana wazi. Mvua zikaja, Jino likafunikwa, na Mulamba akashuka akilitafuta kwa macho jino alilolizoea. Akalipata kwa tumbo la mtumbwi. Watu wote waliogelea wakatoka, pembe zimelala mtoni mpaka leo, na Mulamba akageuka mkulima wa mpunga. Mkulima mzuri, sina neno.

Ilikuwako pia mizigo nisiyopenda kuikumbuka, nayo ni watu. Mabwana waliwaleta wamefungwa kamba shingoni wakataka washushwe hivyo hivyo. Mama Yenga alimwambia msimamizi wao, "Muntu wa kufungwa haogelei, na miye sipitishi mayiti. Fungua." Yule bwana akatazama maji, akatazama njia ya msituni, akafungua. Kisha Mama Yenga akawaketisha wale watu mchangani pamoja na sisi, akawasemea mto polepole, na asiyejua lugha akamwonyesha kwa mkono, ili wasije wakasimama kwa hofu na kutupindua. Tulipofika chini, si wote waliosubiri kufungwa tena. Msimamizi alipiga makelele. Mama Yenga akamwambia kazi yake inaishia maji yanapoishia. Sikuwa na ujasiri wake, lakini nilifurahi, na hata sasa nafurahi.

Alipozeeka akanipa nyuma. Nami nikampata Ramazani, mtu wa mbele ambaye sijaona mfano wake. Mtu wa nyuma anaongoza, lakini mtu wa mbele ndiye anayeliona jiwe kwanza na kulikataa kwa kafi au kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Nyuma yake aliketi mdogo wake, Feruzi, mcheshi, mwenye sauti nzuri ya kuitikia nyimbo, asiyeweza kupita penye ndizi za kuchoma bila kukopa.

Feruzi tulimpoteza kwenye Chungu. Wimbi lilitupiga kwa upande, kafi lake likanaswa na mzunguko wa maji, naye hakuliachia. Lilimvuta kama mtu anavyovutwa mkono mlangoni. Tulimpata chini, tukamzika Alunguli.

Baada ya matanga Ramazani alirudi mchangani, akaketi mahali pake mbele. Nilisema mto. Mlango, mikono yake ilikuwa mizuri. Wake Wenza, mizuri. Jino. Nilipotaja Chungu, mikono ikafa. Kafi lilisimama kwenye mchanga kama mti uliopandwa. Kesho yake vile vile, na wiki iliyofuata. Akaacha kuja, akakaa kwake akishona nyavu, naye hakuwa mshonaji. Mimi nikachukua watu wengine wa mbele, wa kiangazi, wa maji ya adabu.

Kisha ukaja mwaka wa vita. Bunduki zilisikika kutoka upande wa juu, na watu wakaanza kuteremka kando ya mto na mikeka na vyungu na watoto mgongoni. Njia ya msituni ilikuwa na watu wenye silaha, na hakuna aliyejua ni wa nani. Habari ikatufikia kwamba juu ya mawe wamekwama wazee na wanawake wasioweza kurudi wala kupita, na mama yake Ramazani ni mmoja wao, kwani alikuwa amekwenda huko kwenye arusi ya mpwa wake. Mto ulikuwa umejaa mpaka kwenye mizizi ya miti. Watu wangu wa kiangazi walinitazama wakatazama chini.

Nilimfuata Ramazani nyumbani. Hakuniacha nimalize.

"Nimesikia, Mzee Salumu. Ni mama yangu. Lakini mikono hii si yangu tena."

"Twende tu. Tutaupita mchangani kwanza."

Tulikwenda kwa miguu, na watu wangu walipomwona Ramazani wakatufuata, kwa kijia cha ukingoni, cha mawe yenye utelezi, tunachokijua sisi wavuvi, tukafika pale juu jioni. Mama Yenga, aliyehamia huko tangu aache kafi, alikuwapo, na fimbo yake, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akigombana na wakimbizi juu ya mizigo. Mama yake Ramazani alimshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili. Asubuhi nikawaketisha watu wangu mchangani. Nilisema mto wa siku ile. Tulipokaribia Chungu nikamwambia Ramazani, "Hapa usione kitu. Fikiri mchanga wa chini." Mikono ikafa. Tukaanza tena. Nikamwambia, "Fikiri mama yako." Ikafa vibaya zaidi. Nilikasirika, nilimkasirikia yeye na Mungu na mto, na watu waliokuwa wakitungojea waliona.

Mama Yenga akagonga kinu kwa fimbo. "Salumu, weye mutoto," akasema, nami nina mvi. "Unamukataza kuona. Namna gani? Muntu wa mbele asione?" Akaja akaketi mchangani mbele ya Ramazani, wakitazamana. "Funga macho. Tuko kwa Chungu. Unaona nini?"

"Feruzi anaanguka."

"Ndiyo. Anaanguka. Halafu?"

"Halafu hakuna, mama. Njo mwisho."

"Siyo mwisho. Mutumbwi ilifika ao haikufika?"

"Ilifika," akasema.

"Nani alikuwa mbele?"

Ramazani akakwaruza mchanga kwa kafi.

"Nakuuliza, Ramazani. Nani alikuwa mbele?"

"Miye."

"Basi nionyeshe ule muntu. Feruzi ameanguka, unamuona, unamulilia. Na mikono inafanya nini?"

Mikono ikaanza. Kulia. Kulia. Vuta. Alikuwa akilia kwa sauti, machozi na makamasi, na kafi likichimba mchanga kwa nguvu mpaka ukaturukia usoni. Alikwenda mpaka maji yalipolegea, mpaka mchanga wa chini. Mama Yenga akamrudisha Mlangoni, wakashuka tena, na tena, na kila mara Feruzi alianguka na kila mara mtumbwi ulifika. Hapo ndipo nilipoelewa. Kila alipofumba macho alikuwa akiusimamisha mtumbwi pale mdogo wake alipoanguka. Miezi yote ile alikuwa ametuacha sote ndani ya Chungu, tunazunguka.

"Mizigo iko?" Mama Yenga akauliza. "Woga iko?"

"Iko," Ramazani akasema.

"Basi muende. Miye nitatembea, njia ya ukingo naijua."

Tuliwapakia katika mmoja wa mitumbwi iliyokwama pale juu. Niliwaketisha wakimbizi nao nikawasemea mto, kama nilivyofundishwa, nikawaambia wapi maji yatawarukia na wapi watasikia mtumbwi unapiga kelele, ili wakae. Mama yake Ramazani alikaa katikati, na mtoto wa mtu mwingine mapajani.

Tukaachia kamba. Kwenye Mlango kulikuwa na gogo kubwa, limekwama, mizizi juu. Hatukuwa tumeliona mchangani, maana halikuwako jana. Ramazani aliangusha kafi, akashika upondo, akaliegemea gogo kwa kifua chote, nasi tukapita kando yake tukikwanguliwa na matawi. Vijana huniuliza kuna faida gani kuupita mto mchangani ikiwa mto huleta gogo lake. Faida ni kwamba kila jiwe jingine tulikuwa tumekwisha kulipita, kwa hiyo macho yote yalibaki kwa ajili ya gogo.

Wake Wenza. Jino, chini ya maji, nililisikia likipita. Kisha Chungu. Mimi niko nyuma, namwona Ramazani mgongo tu. Niliona mabega yamesimama. Kafi moja likapotea, mbele ya mtumbwi ikaanza kugeuka kuelekea ndani ya mzunguko, na wanawake wakapiga ukelele. Nikalikaza kafi langu kuuzuia mtumbwi. Ndipo Ramazani akapaza sauti, sauti ambayo sijaisikia tena.

"Feruzi! Kulia! Kulia! Vuta!"

Mtumbwi mzima ukavuta kulia. Mama yake, pale katikati, alinyoosha mkono akayagusa maji tulipokuwa tukipita, kama mtu anavyogusa paji la mtoto aliyelala, akaurudisha mkono akamshika yule mtoto wa watu. Mchanga wa chini ukakwaruza tumbo la mtumbwi. Hakuna aliyeshangilia. Ramazani alishuka akamchukua mama yake mgongoni mpaka pakavu.

Tulirudi juu siku ile ile, na siku zilizofuata, mpaka ukingo ukawa mtupu. Mama Yenga alifika Kindu kwa miguu akilalamika juu ya siafu. Aliishi kuona misimu mingine ya mpunga, akafa kwa uzee, si kwa maji, kama alivyotaka isemwe.

Ramazani ndiye mtu wenu wa nyuma sasa. Nilipoacha kazi nilimwomba anishushe mara moja. Hakunipa kafi. Aliniketisha katikati, juu ya mitungi ya mafuta ya mawese, mahali ambapo maisha yangu yote nimeuweka woga. Ulikuwapo, tukabanana. Lakini kabla ya hapo aliwaketisha ninyi mchangani, nami nikakaa kando na macho yangu ya ukungu nikisikiliza mikono yenu. Sasa Mlango, alisema. Sasa Wake Wenza. Sasa Jino. Sasa Kwa Feruzi, kulia, kulia, vuta. Na mchanga ulilia vizuri, nyote pamoja.

Nilimwuliza mmoja wenu kwa nini panaitwa Kwa Feruzi. Akaniambia ni jina la jiwe, tangu zamani.

Si jiwe. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye sauti nzuri, mwenye deni la ndizi kwa wanawake wa pale chini, na kaka yake yuko nyuma yenu akiwasemea mto. Mkifika kwake, vuteni.